Kimya Kinachofanana na Salama

Tarehe 22 Februari 2022 kampuni ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G nchini Marekani. Hakuna aliyeviziwa. Tangazo lilikuwa limetoka miaka kadhaa kabla, wenye simu za zamani wakakumbushwa kwa ujumbe na kwa barua, na baadhi yao wakapelekewa simu mpya nyumbani bila kulipa. Lakini mtandao ule ulikuwa na watumiaji wengine ambao hawasomi ujumbe wala hawafungui barua: ving'ora vya wezi na vya moto, magari, mita, na visanduku vidogo vilivyokaa kwenye meza kando ya vitanda vya watu wenye maradhi ya moyo.

Kisanduku hicho wengi wetu hatujapata kukiona, kwa hiyo tukisogelee. Mtu ambaye moyo wake unapiga polepole mno, au unasahau kupiga, huwekewa betri ya moyo, ile ambayo hospitalini huitwa pesimeka. Ni kidude bapa cha chuma cha titani kinachoenea kiganjani, kikashonewa chini ya ngozi karibu na mtulinga, na waya mwembamba mmoja au miwili ikateremshwa ndani ya mshipa hadi moyoni. Kidude chenyewe hakijui simu ni nini. Kina redio dhaifu sana inayotumia masafa ya megahezi 402 hadi 405, yaliyotengwa kwa ajili ya vifaa vya mwilini, na sauti yake haitoki nje ya chumba cha kulala. Udhaifu huo ni wa makusudi. Redio yenye nguvu ingekula chaji upesi, na chaji ikiisha mtu hurudi kulala chini ya taa za chumba cha upasuaji.

Ndiyo sababu ya kisanduku. Kinachomekwa kwenye umeme, kinakaa hatua mbili tatu kutoka kitandani. Usiku mgonjwa akishalala, kinazungumza na kidude cha kifuani: mapigo yamekwendaje leo, waya ungali mzima, chaji imebaki kiasi gani, moyo ulikimbia ovyo saa ngapi na ukatulia saa ngapi. Kikishayakusanya hayo kinaingia hewani, kwa modemu na laini ya simu iliyofungiwa ndani tangu kiwandani. Taarifa zinafika kwenye kompyuta za mtengenezaji, na asubuhi muuguzi wa kliniki anafungua ukurasa wake na kukuta majina. Wenye shida wako juu, kwa rangi nyekundu. Wasio na shida hawamsumbui mtu.

Faida yake imepimwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani ulioitwa CONNECT, uliohusu wagonjwa 1,997 wenye vifaa vya kushtua moyo unapopoteza mwendo. Kwa waliokuwa wakisubiri siku ya kliniki kama kawaida, tangu kifaa kione tatizo hadi daktari aamue la kufanya zilipita siku 22, kwa kipimo cha kati. Kwa wale ambao vifaa vyao vilituma taarifa vyenyewe, siku 4.6. Kufikia 2015 chama cha mabingwa wa mapigo ya moyo, Heart Rhythm Society, kilikuwa kinataka kila mwenye kifaa cha namna hiyo apewe nafasi ya kufuatiliwa akiwa nyumbani. Tofauti ya wiki mbili na nusu si jambo la kupuuza pale damu inapoanza kuganda ndani ya moyo na kutafuta njia ya kwenda kwenye ubongo.

Sasa tuitazame ile laini ya simu. Haina vocha. Haina kifurushi. Ina namba, lakini mgonjwa haijui na hatakaa aijue, na bili yake haiji kwake. Mkataba ni kati ya mtengenezaji wa kifaa na kampuni ya simu, na mara nyingine katikati yao yupo dalali anayenunua laini kwa maelfu na kuziuza kwa wenye viwanda. Kwa kampuni ya simu, kisanduku ni modemu moja kati ya modemu nyingi. Haioni moyo wa mtu uliolala hatua mbili kando yake. Kwa mgonjwa, kampuni ya simu haipo kabisa: yeye anamjua daktari, anaijua kliniki, na anajua taa ndogo ya kijani. Basi mtandao ukifikia siku ya kuzimwa, mwenye mnara anamjulisha mteja wake, na mteja wake ni kiwanda. Kutoka kiwandani habari inapaswa kushuka hadi hospitali, na kutoka hospitali hadi kwa bibi wa miaka themanini ambaye huenda amehamia kwa mwanawe jimbo jingine na kisanduku chake kikiwa kwenye sanduku la nguo.

Sitaki kutia chumvi. Betri ya moyo haisimami kwa kuwa mnara umezimwa. Inaendelea kumpigia mtu moyo wake kama ilivyopangwa, na watengenezaji walituma visanduku vipya na modemu mpya kwa posta kwa maelfu ya watu. Kilichokatika kwa wale ambao hawakufikiwa ni jicho la kliniki. Na mimi kinachonisumbua ni namna jicho hilo linavyofumba. Mfumo mzima umejengwa juu ya dhana kwamba asiyesema kitu ni mzima. Asubuhi ile baada ya mtandao kuzimwa, jina la bibi halikuwa kwenye rangi nyekundu, kama ambavyo halikuwepo juzi na jana. Juzi na jana hiyo ilimaanisha moyo wake umetulia. Leo inamaanisha hakuna anayejua. Kwa mtu aliyeketi mbele ya kompyuta, siku hizo tatu zinafanana.

Mafundi wa mifumo hii watanijibu kwamba ipo orodha nyingine, ya vifaa vilivyopotea hewani, na ni kweli ipo. Muuguzi yeyote aliyeishughulikia atakuambia ina watu gani. Yumo aliyesafiri kwenda harusini. Yumo aliyekichomoa kisanduku achaji simu akasahau kukirudisha. Yumo aliyekihamishia sebuleni kwa kuwa mwanga wake ulimkosesha usingizi, na yumo aliyefariki ambaye familia haijapiga simu kliniki. Orodha ya namna hiyo haina rangi nyekundu. Hufanyiwa kazi siku yenye nafasi, na kliniki za moyo hazina siku yenye nafasi.

Kuna mashine nyingine ambayo kimya chake husomwa kinyume kabisa. Watu wanaokatwa pumzi usingizini, wale wanaokoroma, wakanyamaza ghafla, kisha wakashtuka wakitafuta hewa, hupewa mashine ya kusukuma hewa puani usiku kucha. Nchini Marekani bima ya wazee, Medicare, hulipia mashine hiyo kwa sharti: ndani ya miezi mitatu ya mwanzo mgonjwa aonyeshe siku 30 mfululizo ambamo ameitumia kwa saa nne au zaidi katika asilimia 70 ya usiku. Asiyetimiza anaweza kunyimwa malipo ya mashine. Na ushahidi unatoka wapi? Kwenye modemu. Mashine nyingi za kizazi kilichopita zilituma hesabu ya usiku kwa 2G au 3G. Mnara ukizimwa, mgonjwa mtiifu anayelala na barakoa usoni kila usiku anaanza kuonekana mkaidi, mpaka mtu akumbuke kwamba ubavuni mwa mashine kuna kadi ndogo ya kumbukumbu inayoweza kuchomolewa na kupelekwa kwa mkono.

Kimya ni kilekile. Kwa mgonjwa wa moyo kimesomwa kuwa afya njema, kwa mgonjwa wa pumzi kimesomwa kuwa ukaidi, na katika yote mawili hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Ukiwauliza wenye kampuni za simu kwa nini wanazima, jibu lao lina haki. Masafa ya redio hayaongezeki. Kipande cha hewa kinachotumiwa na mtandao wa zamani kwa wateja wachache kinaweza kubeba watu wengi zaidi kikipewa mtandao mpya, na mitambo ya zamani inakula umeme na kukosa vipuri. Siwalaumu kwa kuzima. Lawama yangu iko kwenye kalenda. 2G ilianza Finland Julai 1991, 3G Japani Oktoba 2001, 4G Stockholm na Oslo Desemba 2009, 5G Korea Kusini na Marekani Aprili 2019. Kizazi kimoja kila miaka kumi, ukipunguza au ukiongeza. Betri ya moyo nayo hukaa kifuani karibu muda huohuo. Ila kifaa cha tiba hakitoki mezani kwa mhandisi kikaenda moja kwa moja dukani. Hupita miaka ya majaribio na vibali, na kubadilisha modemu ndani yake kunaweza kumaanisha kurudi kwa wakaguzi. Kwa hiyo mtengenezaji huchagua modemu iliyozoeleka, ya bei nafuu, isiyo na maajabu. Siku kifaa kinapoidhinishwa, modemu hiyo imeshazeeka.

Wala hili halikuanza 2022. Februari 2008 Marekani iliruhusu mitandao ya analojia izimwe, na magari ya zamani yaliyokuwa na huduma ya OnStar ya kuita msaada baada ya ajali yakapoteza sauti, ingawa kitufe kiliendelea kuwepo karibu na kioo. Watu walilalamika, wakasahau, na watengenezaji wakaanza kufunga modemu za 2G. AT&T ikazima 2G mwanzoni mwa 2017. Wakafunga za 3G.

Safari ya 3G ilikuwa na balaa lake. Mei 2021 kamati ya mawasiliano ya sekta ya ving'ora nchini Marekani iliiandikia tume ya mawasiliano, FCC, ikiomba AT&T ingoje hadi mwisho wa 2022. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuelewa: kubadilisha kifaa kunahitaji fundi aingie nyumbani, na mwaka wa korona hakuna mzee aliyetaka mgeni avuke kizingiti chake; juu ya hayo, chipu za kompyuta zilikuwa zimeadimika duniani. Mwanzoni mwa 2022 mtandao ulizimwa siku ileile iliyopangwa. Watu walewale tuliowaambia wajifungie ndani ili wapone ndio waliokuwa wamevaa vitufe vya kuita msaada shingoni.

Australia walijaribu kuwa waangalifu zaidi. Telstra na Optus waliahirisha kuzima 3G hadi 28 Oktoba 2024, na kabla ya hapo waliweka namba ya ukaguzi: tuma tarakimu 3 kwenda 3498, utajibiwa kama simu yako itaishi. Wenye simu zinazohusika waliwekewa pia sauti iliyorekodiwa, wakipiga simu inawaambia kifaa chako hakitafanya kazi. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi hiyo, TGA, ikawatahadharisha wagonjwa na wenye hospitali. Yote mazuri. Lakini kisanduku cha kando ya kitanda hakina vitufe vya kuandikia 3, na sauti iliyorekodiwa haina sikio la kuingia.

Nikilinganisha na yaliyotupata sisi naona tofauti. Usiku wa 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima matangazo ya televisheni ya analojia, ikianzia Dar es Salaam. Palikuwa na kelele! Ving'amuzi vilisemwa kwenye daladala, bungeni, misikitini na makanisani. Kenya nayo mwaka 2015 vituo vikubwa vilitoweka hewani kwa majuma kadhaa na nchi nzima ikagombana. Televisheni ikizimwa kila mtu anaona kioo cheusi, anatoka nje kuuliza jirani kama na kwake ni hivyo. Kisanduku cha moyo hakina kioo cheusi. Kikikosa mnara, mwenye nyumba huona taa imebadilika rangi, akiiona, na jirani hana chake cha kulinganisha.

Huku kwetu bado 2G inafanya kazi kila siku, na tusiione haya. Simu ndogo za vitufe, kiswaswadu cha Mtanzania na kabambe ya Mkenya, zinaitegemea, pamoja na sehemu kubwa ya kutuma na kupokea pesa. Hata afya yetu imepita humo. Kati ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, katika wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, mradi wa SMS for Life ulizitumia zahanati na vituo 129 ujumbe kila wiki ukiuliza akiba ya dawa za malaria, na mhudumu alijibu kwa simu yake ya mkononi akapata muda wa maongezi kidogo kama ahsante. Mwanzoni vituo 78 kati ya kila 100 vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa mseto. Baada ya wiki 21 vilibaki 26. Hakuna simu janja iliyohitajika.

Baada ya ujumbe unaoandikwa na watu vikaja vifaa vinavyojisemea. Chukua friji ya chanjo kwenye zahanati. Chanjo zinataka kati ya nyuzi 2 na 8, na watu wengi hudhani adui ni joto peke yake. Baridi ikizidi nayo huua: chanjo ya pepopunda na kifaduro ikiganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana vilevile. Mlangoni pa friji pamebandikwa karatasi ya joto, nesi anaandika asubuhi na jioni. Jumamosi usiku umeme ukikatika, karatasi hainong'oni. Kwa hiyo katika nchi kadhaa, zetu zikiwemo, vimefungwa vifaa vya namna yake: kihisio cha joto ndani ya friji, waya unapenya ukingo wa mlango, nje kuna kijisanduku chenye laini ya simu. Joto likipita mpaka kinatuma ujumbe mfupi kwa nesi, kwa mganga mfawidhi na kwa mratibu wa chanjo wa wilaya. Ujumbe mfupi wa kawaida, kwa mtandao wa kizamani, kwa sababu ndio unaofika kule ambako intaneti inakuja na kuondoka.

Ni teknolojia ninayoiheshimu, ya bei ndogo na isiyojidai. Lakini ina ule ugonjwa wa kisanduku cha Marekani. Friji isiyotuma ujumbe inaweza kuwa na nyuzi 5 na chanjo salama. Inaweza pia kuwa na laini iliyofungwa kwa kutosajiliwa, au iliyoishiwa salio kwa kuwa mfadhili amemaliza miaka yake mitatu na hakuna bajeti ya halmashauri iliyowahi kuwa na kifungu cha vocha ya friji. Aliyebuni vizuri hukifanya kifaa kitume salamu kila siku hata kama hakuna la kusema, ili kukosekana kwa salamu kuwe ndiyo habari. Wengi hawabuni hivyo, maana salamu nazo zinalipiwa.

Na zamu yetu inakuja. Sera ya masafa ya Afrika Kusini ya 2024 ilitaja mwisho wa 2027 kuwa kikomo cha 2G na 3G. Uingereza, serikali na kampuni za simu zilikubaliana Desemba 2021 kwamba mitandao hiyo isivuke 2033. Vifaa vya tiba vinavyoondolewa kwenye mitandao iliyokufa kule ng'ambo havitupwi vyote. Vingine vinasafishwa, vinapakiwa kwenye makontena ya msaada na kutua bandarini Mombasa na Dar es Salaam, ambako bado vinaweza kupata mnara wa kuzungumza nao kwa muda. Ningekuwa ndiye ninayetia saini hati ya kuvipokea ningeuliza maswali ya kikarani tu: modemu ni ya kizazi gani, laini ni ya nani, nani atalipa mfadhili akiondoka, na kifaa kikinyamaza nani atapigiwa simu, kwa jina na si kwa cheo. Fomu za manunuzi huuliza uzito wa mashine na rangi yake, haziulizi hayo.

Wahandisi husema mgonjwa atakuwa ameshabadilishiwa kifaa kabla mtandao haujafa. Mara nyingi ni kweli. Lakini historia ya betri ya moyo ilianza na mgonjwa aliyekataa kufuata ratiba ya mtu. Tarehe 8 Oktoba 1958, katika hospitali ya Karolinska karibu na Stockholm, Arne Larsson, mtu wa miaka 43 aliyekuwa akizimia mara nyingi kwa siku moja, alishonewa pesimeka ya kwanza ndani ya mwili. Mkewe, Else-Marie, ndiye aliyewaganda daktari wa upasuaji Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kujaribu jambo ambalo wao wenyewe waliona halijaiva. Elmqvist alimimina plastiki ndani ya kopo la kiwi ya viatu kupata umbo lake. Kifaa kilifanya kazi saa chache kikafa, wakaweka kingine. Larsson alipitia vifaa 26 maishani mwake. Elmqvist alifariki 1996, Senning 2000, mgonjwa wao bado alikuwa anatembea.

Larsson mwenyewe alifariki Desemba 2001, akiwa na miaka 86, na moyo haukuwa ndio uliomwua. Mwaka huohuo Marekani ilikuwa imeidhinisha mfumo wa kampuni ya Biotronik wa betri ya moyo kutuma taarifa zake kwa mtandao wa simu, na NTT DoCoMo ya Japani ilikuwa imewasha 3G ya kwanza ya kibiashara duniani. DoCoMo waliipangia 3G yao mwisho tarehe 31 Machi 2026. Hiyo ni miaka 24 na nusu. Larsson alikaa na betri kifuani miaka 43.